Maktaba Yenye Gumzo

Kila ifikapo tarehe 1 Aprili, maktaba kadhaa za vyuo vikuu, hasa Marekani, hupanga meza ndefu karibu na mlango na kuwaalika watu walete vitabu vya kula. Masharti ni mawili tu: kinacholetwa kiwe kinalika, na kiwe na uhusiano na kitabu fulani, iwe kwa umbo, kwa jina au kwa yaliyomo. Huyu analeta keki iliyochongwa kama kitabu kilichofunuliwa, kurasa zimesawazishwa kwa krimu na herufi zimeandikwa kwa chokoleti. Yule analeta mkate wa kawaida kabisa, ila ameuwekea kikaratasi chenye jina la riwaya, na kila anayepita akilisoma anaangua kicheko. Watu wanaizunguka meza, wanapiga picha, wanapiga kura kuchagua mshindi. Kisha kisu kinashuka na maonyesho yote yanaliwa.

Wazo hili lilimjia Judith Hoffberg, mkutubi wa Marekani aliyependa sana vitabu vinavyotengenezwa na wasanii, mwaka 1999, alipokuwa mezani na wasanii wenzake katika sikukuu ya Shukrani. Akashirikiana na msanii Béatrice Coron, na mwaka uliofuata sherehe ya kwanza ikafanyika. Tarehe waliichagua kwa makusudi. Ni Siku ya Wajinga, siku ya utani, na pia ni siku aliyozaliwa Jean Anthelme Brillat-Savarin mwaka 1755, yule Mfaransa aliyeandika kitabu maarufu kuhusu ladha ya chakula.

Naipenda sherehe hii, na ningependa kuiona ikipandikizwa kwetu, kwa sababu fasihi ya Kiswahili ina majina yanayojipika yenyewe. Halua ya Zanzibar, ile inayovutika unapoinyofoa, iwekwe mbele ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Bakuli la urojo lililorundikwa viazi, bajia, kachori, chatne na chipsi za muhogo liitwe Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi. Glasi ya juisi ya ukwaju iliyonywewa nusu inatosha kuwa Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed. Asali iliyotiwa tone la shubiri haihitaji maelezo kwa aliyeisoma Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed. Na Wakenya wengi waliosoma sekondari muongo uliopita, wakiona sahani ya dagaa, watamtaja Ken Walibora na riwaya yake yenye kidagaa katika jina kabla hujawauliza.

Mchezo huu una kazi ndani yake. Aliyeleta halua atasimama nyuma ya sinia lake, na mtu asiyekijua kitabu atamwuliza: nani anamvuta nani? Itabidi amsimulie habari za Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee wa makamo asiyemtaka, na jinsi alivyovutwa na ndugu zake upande huu na moyo wake upande ule, katika Zanzibar ya enzi za mkoloni. Atasimulia vizuri au vibaya, lakini atasimulia kwa mdomo wake, na msikilizaji ataondoka na ladha kinywani na jina la kitabu kichwani. Sijui njia nyepesi kuliko hiyo ya kumfikisha mtu kwenye rafu.

Maktaba za vyuo vikuu zimejaribu mengi ya namna hii. Mwezi Machi 2011 maktaba ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Yale iliazimisha mbwa. Jina lake Monty, na wanafunzi waliochoshwa na masomo walijiandikisha kumkopa kama wanavyokopa kitabu, nusu saa kwa nusu saa, wampapase na kucheza naye. Tangu hapo vyuo vingi vya huko huleta mbwa wapole nyakati za mitihani. Hilo sidhani linatuhusu sana. Pwani yetu ina adabu zake kuhusu mbwa, na mwanafunzi wa Zanzibar hatapata utulivu kwa kulambwa mkono. Lakini swali lililo nyuma ya jambo hilo linatuhusu kabisa: mwanafunzi aliyechoka akiingia maktaba, nani anamwona?

Lipo jambo jingine ambalo halina haja hata ya kubadilishwa likija kwetu, nalo ni Maktaba ya Watu. Lilizaliwa Denmark, kwenye tamasha la muziki la Roskilde mwaka 2000. Mwanzilishi wake, Ronni Abergel, alikuwa mmoja wa vijana waliounda kikundi cha kupinga vurugu baada ya rafiki yao kuchomwa kisu. Katika Maktaba ya Watu unachokopa ni mtu. Mbele ya meza kuna orodha ya mada, na kila mada ni binadamu aliyekubali kuulizwa maswali ambayo kwa kawaida hatuthubutu kuyauliza: mkimbizi, mtu aliyewahi kufungwa, asiyeona, aliyeishi mtaani, mtu wa dini ambayo wengine wanaiogopa. Mnakaa viti viwili vinavyotazamana, unauliza, anajibu, na akiona swali limevuka mpaka ana haki ya kukataa. Muda ukiisha unamrudisha mezani kama unavyorudisha kitabu. Maktaba za vyuo vikuu katika nchi nyingi zimelipokea jambo hili, na naona wazi kwa nini. Kitabu cha karatasi kinakuambia yale ambayo mwandishi aliamua kukuambia. Mtu aliye mbele yako unaweza kumwuliza lililokukwama.

Hebu fikiria nani wangekaa viti hivyo katika jiji kama Dar es Salaam. Mwanamke mwenye ualbino aliyekulia Kanda ya Ziwa miaka ya mauaji. Nahodha wa jahazi aliyepeleka boriti za mikoko hadi Ghuba. Mama lishe aliyesomesha watoto kwa sufuria moja. Mstaafu aliyefanya kazi kwenye reli ya TAZARA tangu inajengwa. Profesa wa historia anaweza kukaa kiti cha msomaji siku hiyo, na nadhani angefurahi.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, inaonyesha jinsi wepesi na uzito vinavyoweza kusaidiana. Jengo lake, lililosanifiwa na Giles Gilbert Scott na kufunguliwa mwaka 1934, lina mnara wa mita 48 unaoonekana kutoka mbali. Vizazi na vizazi vya wanafunzi vilisimuliana kwamba mnarani humo kumefichwa vitabu na picha za ngono. Mwaka 2018 maktaba ikaichukua tetesi hiyo na kuijibu kwa maonyesho ya bure. Watu wakamiminika waone siri. Walichokuta ni vitabu vya watoto vya karne ya 19, hadithi za kusisimua za bei poa, michezo ya mezani na mengineyo ambayo wachapishaji walilazimika kisheria kuyaleta maktaba, lakini wasomi wa wakati ule hawakuyaona kuwa ya kitaaluma, ndiyo yakapandishwa juu. Yaani katika kujibu uvumi, maktaba ilifundisha somo zito: nani anaamua kitabu gani ni cha maana, na anakosea mara ngapi.

Kisha ikaja habari ya madaftari ya Charles Darwin. Maktaba hiyo ilikuwa na madaftari yake mawili madogo, moja likiwa na mchoro wa mwaka 1837 wa mti wa uhai, ule mchoro wa wino ambao ndani yake wazo la viumbe kutokana na asili moja linaanza kuchipua. Novemba 2000 yalitolewa ghalani kupigwa picha. Januari 2001 ikagundulika hayapo mahali pake. Kwa miaka mingi wakutubi waliamini yamewekwa rafu isiyo yake, wakatafuta na kutafuta. Mwishowe, Novemba 2020, mkuu wa maktaba, Dkt. Jessica Gardner, alijitokeza hadharani, akasema huenda yameibiwa, na akawaomba wananchi wasaidie. Tarehe 9 Machi 2022 mfuko wa zawadi wa rangi ya waridi ukakutwa umeachwa nje ya ofisi yake. Ndani yake mlikuwa na madaftari yote mawili, yako salama, pamoja na bahasha yenye maneno machache ya kumtakia mkutubi Pasaka njema. Aliyeuacha hakujulikana. Julai mwaka huohuo madaftari yakawekwa kwenye maonyesho ya bure, na mtu yeyote akaweza kuyatazama.

Naona thamani kubwa katika ule uamuzi wa 2020. Taasisi kongwe ilisema mbele ya dunia kwamba imepoteza hazina, na kwamba inahitaji msaada. Inawezekana kwa maktaba iliyozoea kuongea na watu kuyasema hayo. Maktaba ambayo watu hawajawahi kukanyaga ingeomba msaada kwa nani?

Pingamizi la wasiopenda mambo haya nalijua, na lina haki yake. Mwanafunzi anahitaji kimya. Mlimani, kama tunavyokiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wiki za mitihani watu wanapiga msuli mpaka usiku mkubwa, vimbweta vimejaa, madesa yamezagaa juu ya saruji, na anayeogopa sapu hana nafasi ya mashindano ya keki. Maktaba itakayomnyima huyo utulivu wake itakuwa imemdhulumu. Dawa yake ni saa na vyumba. Jumamosi alasiri, katikati ya muhula, katika ukumbi wa chini, milango ya vyumba vya kusomea ikiwa imefungwa, gumzo halimdhuru mtu. Chakula kisivuke ukumbi wa mlangoni, na meza zifutwe siku hiyohiyo, maana katika joto na unyevu wa pwani mende, panya na mchwa ni maadui wa kweli wa karatasi. Haya yote mkutubi mzoefu anayajua kuliko mimi.

Mlimani hakujawahi kuwa mahali pa kimya kitupu, na hilo ni sehemu ya heshima yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa umoja wa kimapinduzi wa USARF, ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, nje ya ratiba, bila cheti, bila alama. Stokely Carmichael alipita Dar es Salaam akazungumza, C.L.R. James naye. Walter Rodney, aliyefundisha hapo kwa vipindi viwili kati ya 1966 na 1974, alikuwa mtu wa mimbari na wa mjadala. Katikati ya vipindi hivyo alirudi Jamaika, na huko aliwafuata watu wa mitaa ya kimaskini, akakaa nao chini na kuzungumza historia ya Afrika. Serikali ya huko ikampiga marufuku Oktoba 1968. Aliporejea Dar es Salaam akaandika kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotolewa mwaka 1972 London na hapa kwetu. Ukikisoma unasikia sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali.

Moto huo haukuzimika wote. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008 na kukaliwa kwanza na Profesa Issa Shivji, kiliirudisha mihadhara mikubwa katika Ukumbi wa Nkrumah, pamoja na ngoma na mashairi. Wole Soyinka alihutubia mwaka 2009. Aliyekuwepo katika matamasha yale anajua kwamba mwanafunzi wa uhandisi anaweza kusimama wima saa tatu akisikiliza habari za ubeberu, mradi anayezungumza anajua anachosema.

Ninachokitaka sasa ni maktaba yenyewe iingie uwanjani. Tarehe 27 Novemba 2018 Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China: nafasi ya vitabu 800,000, ya watu 2,100 kwa wakati mmoja, na ukumbi wa mikutano wa viti 600. Takwimu hizo zilitangazwa kila mahali, na ni za kujivunia. Ukumbi wa viti 600 ndani ya jengo la maktaba ni mwaliko. Mtu aliyeuchora alitarajia watu waje kusikiliza.

Na wasikilize nini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1970 shirika la Brill la Leiden lilichapa orodha iliyotayarishwa na J.W.T. Allen, Mwingereza aliyeishi miaka mingi Tanganyika. Ni orodha ya maandiko ya mkono ya Kiswahili na Kiarabu yaliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na jina la kitabu linataja kitu kimoja zaidi: kanda. Yaani pamoja na karatasi zilizokusanywa kutoka pwani, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, maktaba ilihifadhi na sauti. Wale waliokusanya walielewa kwamba utenzi ukiuacha juu ya karatasi umeuchukua nusu. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vinaitikiana vina vyake, na cha nne kinabeba kina kimoja kinachopita utenzi mzima, hata kama una beti elfu. Macho yanaweza kukihesabu kina hicho. Sikio linakingoja. Mghani anapokikaribia, watu wanakuwa wameshafika kabla yake, na ndiyo maana waliosikia utenzi mara nyingi huweza kummalizia mghani kipande.

Huo ndio ulikuwa usomaji wa pwani. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, na utenzi ule ukaenda kutoka nyumba hadi nyumba, wanawake wakausikiliza na kuuhifadhi moyoni, wasiojua kusoma pamoja na wajuao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa kuutoa ushairi misikitini na kuutembeza sokoni: mapenzi, njaa, bei, vita vya Wamazrui na Mabusaidi, vijembe kwa Lamu. Tungo zake zingepotea kama asingekuwepo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuziandika, nyingi kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na mmisionari W.E. Taylor. Karatasi hizo ziko London leo, katika maktaba ya SOAS, pamoja na mkusanyo wa William Hichens, aliyetoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Ustadh Yahya Ali Omar wa Mombasa aliutumia uzee wake huko London akiyafasiri na kuyaorodhesha maandiko ya pwani ambayo wachache waliobaki wangeweza kuyasoma. Nakala kongwe ya Utendi wa Tambuka, iliyoandikwa Pate mwaka 1728, ilisafiri hadi Hamburg.

Kwa hiyo maktaba za vyuo vikuu, za kwetu na za ugenini, ndizo zimekuwa walinzi wa vitu ambavyo asili yake ni kusikika barazani. Kuvilinda kumefanyika, na tunawashukuru waliofanya. Kuvisikilizisha ndiko kulikobaki nyuma. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya Kiswahili akiwa amechambua mizani, vina na bahari ya tenzi kumi bila kusikia hata mmoja ukighaniwa.

Naona jioni ya namna hii. Kwenye skrini ya ukumbi iwekwe picha ya ukurasa mmoja wa andiko, wino wake umekuwa wa kahawia, pembeni kuna alama ya kidole cha mtu aliyefunua karatasi zamani. Asimame mtu anayejua hati hiyo, aoneshe neno la kwanza liko wapi, jinsi mwandishi alivyotumia herufi moja ya Kiarabu kwa sauti mbili za Kiswahili, na jinsi msomaji anavyotambua ipi ni ipi. Dakika kumi zinatosha. Halafu taa zipunguzwe na kanda ichezwe. Kisha apande mghani aliye hai, kutoka Tanga, Pangani, Mombasa au Lamu, aughani utenzi uleule kwa mahadhi aliyofunzwa yeye. Hapo ndipo maswali yataanza yenyewe. Mbona mahadhi si yaleyale? Neno lile kwenye kanda ni la Kiamu au ni la Kimvita? Nani alimfundisha? Profesa atajibu moja, mghani atamkatalia, bibi mmoja kutoka safu ya nyuma atasema kwao waliimba hivi, na aimbe.

Baada ya hapo iwe zamu ya utani. Wenzetu wa ng'ambo wana usiku wa chemshabongo maktabani. Sisi tuna vitendawili, vyenye kanuni kamili tangu zamani. Mtegaji anatega, asipojibiwa anadai mji, anapewa, anakataa, anapewa mwingine, mpaka aridhike ndipo afumbue. Kitivo cha Sheria kitege, Kitivo cha Sayansi kijibu. Ushindani wa malenga nao una mizizi: Muyaka na wenzake walijibizana kwa beti, na ngonjera za Mathias Mnyampala zimewafunza Watanzania wengi kubishana kwa vina tangu shule ya msingi. Kona moja ya ukumbi iwekwe mbao za bao, mchezo ambao Mwalimu Nyerere mwenyewe aliupenda, na wazee wa Manzese na Buguruni waje wawafundishe watoto wa kompyuta kuhesabu kete.

Mhadhara wa umma wa kawaida nao naupenda, ila una maradhi yetu. Mgeni rasmi anasubiriwa. Akifika, anatambulishwa na mtu aliyetambulishwa na mtu mwingine. Kila anayeshika kipaza sauti anataja vyeo vya safu nzima ya mbele kisha anasema itifaki imezingatiwa. Mwalimu aliyekesha siku tatu akiandaa hoja anaambiwa ana dakika kumi na tano, na maswali yanaruhusiwa mawili. Maktaba ina nafasi ya kuanza desturi nyingine: mkutubi anasema jina la mzungumzaji na jina la kitabu, basi. Nusu saa ya mazungumzo, saa nzima ya maswali.

Na lugha iwe Kiswahili. Juni 1962 Chuo cha Makerere, Kampala, kilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, na Langston Hughes alitoka Marekani. Mwanafunzi wa hapohapo chuoni, Ngũgĩ wa Thiong'o, akapata nafasi ya kumpa Achebe mswada wa riwaya yake, na riwaya hiyo ikachapwa mwaka 1964. Jambo kama hilo hutokea chuo kikifungua milango: mwandishi mkubwa anakuja, kijana ana karatasi zake mkobani. Lakini mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi kuliko karibu wote waliokuwepo, hakuwa na sifa ya kualikwa. Mwezi huohuo wa Juni 1962 alifariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe aliliandika baadaye jambo hilo la kutostahili kualikwa, na kila nikilikumbuka linaniuma. Mhadhara wa maktaba unaofanyika Dar es Salaam kwa Kiingereza kitupu humwacha nje mama anayeuza chai Mwenge, dereva wa bajaji aliyemaliza kidato cha nne, fundi cherehani anayesoma riwaya za Kiswahili kila usiku. Na hao ndio umma unaotajwa kwenye bango.

Yapo mambo madogo yanayoamua kama umma huo utakuja. Mlinzi wa getini awe ameambiwa kwamba siku hiyo kitambulisho cha mwanafunzi hakihitajiki. Tangazo libandikwe Mwenge, Ubungo na Sinza, lisomwe redioni, lisiishie kwenye mbao za idara. Saa kumi alasiri ni bora kuliko saa moja usiku, kwa sababu jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu na mwenye mtoto anataka kupanda daladala kungali na mwanga. Kuwe na pembe ya watoto, na anayeitunza awe mwanafunzi wa elimu anayelipwa, hata kama ni kidogo. Mwisho wa shughuli, kaunta ya kukopesha iwe wazi kwa nusu saa, na vitabu vilivyotajwa viwe juu yake, pamoja na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar iliyomfikia msomaji wa Kiswahili mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli.

Kanda zinahitaji haraka kuliko vyote. Utepe wa sumaku wa miaka ya 1960 huchakaa hata ukiwa kabatini, na mashine za kuuchezea zinazidi kuadimika pamoja na mafundi wake. Kila kanda itakayosikilizwa ukumbini iwe imenakiliwa kwanza kidijitali, na nakala iende pia kwa jamaa za mghani, wawe Lamu, Pate, Tanga au Unguja. Sauti ile ni ya babu yao. Waulizwe kama wanaridhia isikike hadharani, na wakiridhia walipiwe nauli waje. Viti vya mbele, vile ambavyo kwa kawaida huvishwa vitambaa vyeupe na kungoja wageni rasmi, wapewe wao.